Siku Mtani Aliponiita Dada

Kabla mambo hayajaharibika, kazi yangu ilikuwa nyepesi mpaka nikawa naona aibu kupokea mshahara. Nilitoka Songea kwenda kushika kwa muda nafasi ya katibu muhtasi aliyekuwa likizo ya uzazi, katika gazeti dogo kaskazini mwa Msumbiji lililokuwa na ukurasa wa Kiswahili. Nilichemsha chai, nilipokea simu, nilichapa habari ambazo waandishi wa vijijini walinisomea kwa simu.

Niliyempenda kuliko wote ni Mzee Saidi, Myao wa Tunduru aliyeoa huko pwani. Mimi Mngoni, yeye Myao, basi watani. Hakuwahi kunipa habari bila kunitukana kwanza.

"Wewe mla panya, umeshiba?"

"Shikamoo, mzee. Nimekubakizia mkia."

Ofisi nzima ilicheka, hata wasiojua Kiswahili.

Kisha waasi wakaanza kuchoma vijiji moto. Mzee Saidi alikwama kwake, na mhariri akaahidi kumpelekea gari mara tu njia ikifunguka. Asubuhi moja simu ikalia. Dereva alikuwa uani tayari, akisubiri neno moja tu, na mwandishi amekaa kando yake.

"Habari za kazi, dada," alisema Mzee Saidi. "Njia ni salama. Leteni gari."

Dada.

"Mtani, leo hunitukani?"

Nyuma yake mtu akakohoa.

"Hapana, dada. Wangoni ni watu wa heshima. Njooni tu."

Simu ikakatika.

Nilikimbilia uani, nikasimulia alichosema, nikasimama mbele ya gari. Mhariri alidhani nimechanganyikiwa.

"Amekwambia njia salama. Unataka nini tena?"

Nikamwambia Myao hamsifii Mngoni hivihivi. Yule mzee alikuwa ameshikiwa bunduki.

"Na kama umekosea? Tutakuwa tumemwacha afe."

Nililalia boneti, nikakataa kutoka. Dereva akazima injini.

Wanajeshi walipopita njia ile baadaye, walikuta mkorosho umeangushwa barabarani penye kona, na nyasi zimelazwa pande zote mbili, mahali watu walipokuwa wakivizia. Mzee Saidi hakuonekana, yeye wala kaburi lake. Alijua watamfanya nini gari lisipofika. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alijua na bado akanisifia.

Ndugu zake wa Tunduru walipomsomea hitima bila mwili, nilisafiri kutoka Songea, nilikokuwa nimesharudi. Msibani mtani ana kazi yake, kuwachekesha wafiwa, na siku hiyo kazi hiyo ilikuwa yangu. Nikasimama katikati ya mikeka, nikaita kwa sauti:

"Mzee Saidi! Panya wameiva, mchuzi unapoa, uko wapi?"

Wanawake wakacheka huku wakijifuta machozi kwa kanga.

Nikabaki nimesimama, nangoja anitukane.