Sabufa Iliyotoa Majirani Nje

Jamani, aibu hii nimeibeba peke yangu muda mrefu, leo naitua, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi tumalize. Ilikuwa enzi zile dhahabu imechangamka hapa Kerende, duara letu, shimo letu la kuchimbia, lilikuwa limetoa vizuri, na mimi badala ya kununua ng'ombe kama watu wenye akili nikanunua spika tano za kutazamia sinema na sabufa moja kubwa ambayo tuliiingiza ndani watu wawili (msiniulize). Jumamosi hiyo baba yake Bhoke, mchumba wangu, alikuwa anakuja kutoka Itiryo kuniangalia, aone kama huyu kijana wa mashimoni anaweza kutunza binti yake, na akikataa ndiyo basi, harusi hakuna.

Asubuhi nikaketi kwenye kiti changu katikati ya sebule, nikapima sauti kwa maikrofoni, nikaona kwenye grafu pale hezi hamsini, kwenye mngurumo wa chini, besi imezama kabisa. Fundi aliyeniuzia alishanionya kwenye simu, "Marwa, panapozidi punguza, panapozama paache, ukilazimisha utaumia." Nikamwona mwoga. Nikafungua ikwalaiza, pale pa kupandisha na kushusha sauti moja moja, nikaweka filta hapo hapo kwenye hamsini, nikapandisha desibeli tatu, kimya, sita, kimya, nikaenda mpaka kumi na mbili, na pale kitini bado nasikia kwa mbali tu, nikasema safi, imekaa sawa (kujiamini sijawahi kupungukiwa).

Mzee akafika na Bhoke, nikamwamkia shikamoo, nikamkalisha kiti cha heshima, kile cha kwenye kona karibu na kabati la vyombo. Kumbe besi haikuwa imepotea, ilikuwa haifiki kwangu tu, yote imejikusanya kule kona. Nikaweka filamu ya vita. Bomu la kwanza mimi nasikia vizuri, natabasamu, kumbe mzee chai imemrukia kifuani na sahani zinalia kabatini.

"Mlipuko! Tokeni nje!" Akamshika Bhoke mkono, wakatoka mbio.

Hapa kwetu mgodi ukilipua miamba nyumba hutikisika, kwa hiyo majirani nao wakatoka, na mwenyekiti wa kitongoji, Mama Ghati, akaja na daftari lake la kuandikia nyufa za nyumba tunazoudai mgodi.

"Leo wamelipua bila king'ora! Marwa, umesikia?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nikasema, "Nimesikia, mama, hawa watu wamezidi," nikamwonyesha na ufa ukutani (wa mwaka juzi), akauandika.

Filamu sikuwa nimeizima. Bomu la pili likapiga wakati watu wote wanautazama ufa, mlango wangu ukatetemeka, halafu zikafuata tarumbeta za filamu. Mama Ghati akafunga daftari bila kuniangalia. Nilitamani duara linimeze.

Mzee, shati limelowa chai, akaingia ndani, akakaa kwenye kiti changu, akaniamuru nikae kona, akasema washa. Nikawasha. Besi ikayagonganisha meno yangu.

"Mura," akasema, yaani kijana kwa Kikurya, "hapa kitini kwako ni raha. Umepima kiti chako tu. Binti yangu ungemkalisha wapi?"

Harusi ikasogezwa hadi baada ya mavuno. Ile filta nilishaifuta, na kuongeza besi siongezi tena maisha yangu yote, napunguza tu. Siku hizi kiti cha katikati anakaa Bhoke. Mimi nakaa kona.