Aliyeanza Kugeuka

Kazini walimwita Mgongo, na wala si kwa dharau, kwani ndiyo kazi yenyewe. Mwigizaji maarufu akichoka, au akigoma mpaka aletewe feni, Mgongo alivishwa shati lake na kusimama badala yake, kaipa kamera kisogo. Filamu kumi na nne hizo. Ameshalia kwa mabega, amekufa kifudifudi mara tatu, na warembo wamemkumbatia huku wakichungulia saa juu ya bega lake.

Chumbani kwake alikuwa na kitanda, redio na kioo cha kunyolea. Ndugu alibaki mmoja, dada yake mkubwa, mshona sare za shule, aliyeshikilia kwamba mdogo wake anabeba nyaya tu na mengine anaongeza chumvi.

Basi siku moja mwongozaji akamwambia, "Leo geuka." Mgongo akageuka mara tisa, machozi ya kweli yakimtoka. Filamu ilipotoka, akampigia dada.

"Njoo sinema Jumamosi. Safari hii utaniona sura, uamini kuwa mimi ni mwigizaji."

"Nitakuja. Nikikuona, nitaamini."

Jumamosi mchana wakaketi, dada na miwani yake ya kushonea. Kwenye skrini Mgongo alisimama dirishani, mabega yakatetemeka, bega moja likaanza kugeuka. Uso uliotokea ulikuwa wa yule maarufu, umelowa machozi ya chupa. Ukumbi mzima ukaguna kwa huruma.

"Sasa wewe ni yupi?" dada akauliza, wala hakunong'ona.

"Aliyeanza kugeuka."

"Na aliyemaliza?"

"Mwingine."

"Kwa hiyo wewe ni mpaka begani!" Dada akacheka hadi akavua miwani. Kisha akamshika mkono, na hapo ndipo palipouma. "Mdogo wangu, njoo dukani kwangu. Kuna kazi ya kupiga pasi."

Jumatatu Mgongo akamvaa mhariri wa filamu. Mhariri hakuinua hata macho.

"Nikikata picha mwili ukiwa umetulia, watu wanaona mshono. Nikikata ukiwa kwenye mwendo, macho yao yanaufuata mwendo, yanawaunganisha watu wawili wanakuwa mmoja. Ungegeuka ovyo ningeshindwa. Uligeuka vizuri mno, kaka, ndiyo maana umepotea."

Sifa ya namna hiyo mtu anaipeleka wapi? Mgongo aliipeleka sinema. Akakata tiketi, akakaa mstari wa mbele peke yake, akalikodolea bega lake macho. Halafu akatoka nje mbio, akapiga simu.

"Dada! Kabla hawajanikata, kuna sikio. La kushoto, zima! Na kipande cha shavu!"

Cherehani ilinguruma upande wa pili, ikanyamaza.

"Haya, hongera ya sikio. Umekula?"

"Nimekula," akasema, na hakuwa amekula.

"Na ile pasi?"

"Nitakuambia."

Akakata simu, akarudi dirishani kununua tiketi ya onyesho la saa kumi.