Rangi Aliyoipenda Kaka Yangu

Kaka yangu hakuzaliwa, lakini alikuwa na mke, alikuwa na nyumba, na katika kile kiangazi tulipohamishiwa kijijini ilibainika kwamba alikuwa pia na rangi aliyoipenda kuliko nyingine. Nimefundisha sayansi kimu kwa muda mrefu. Nimewaandikia wasichana ubaoni kwamba rangi hafifu hukipanua chumba kidogo na rangi nzito hukibana, kwamba kuna rangi za joto na rangi za baridi, na wao wameyanakili hayo bila wasiwasi. Mimi niliyeyaandika ndiye niliyebaki na wasiwasi, kwa kuwa kila ninapofika kwenye somo hilo huuona ukuta mmoja wa udongo kule Ringwani, na wanawake wawili wakiwa wamesimama mbele yake.

Mama alizaa mabinti wanne, na mimi nilikuwa wa mwisho. Baba alipofariki, nyumba ya mama ikawa haina wa kuirithi. Kwetu nyumba ya namna hiyo haiachwi izimike. Mama mwenye nyumba huchukua ng'ombe waliokuja kwa mahari ya binti zake, akaoa nao msichana, na msichana huyo huingia kama mkamwana, mke wa mwana ambaye hakupatikana. Watoto atakaowazaa, hata baba yao akiwa mwanamume wa nje, ni wajukuu halali wa nyumba hiyo. Ndiyo nyumba ntobu. Watu wazima waliielewa kama wanavyoelewa kwamba jua huchomoza. Mimi nilikuwa darasa la tatu, na siku msichana huyo alipoletwa kutoka upande wa Gorong'a, amejifunga kanga mbili mpya na macho yake ameyaelekeza chini, nilimvuta mama pembeni.

"Huyu ni nani?"

"Ni wifi yako. Msalimie."

"Wifi kwa kaka yupi?"

"Kwa kaka yako."

"Mama, mimi sina kaka."

"Ndiye huyo huyo," alisema mama, akaenda kuangalia sufuria.

Nilimsalimia. Alinijibu kwa upole, akaniita wifi, nami nikaona haya kama mtu aliyepewa zawadi ya mwenzake.

Haukupita muda mrefu serikali ikatuhamishia kijijini. Kabla ya hapo kila mji, yaani boma la familia moja, ulikaa peke yake, na kati ya mji na mji kulikuwa na mashamba, vichaka na njia za ng'ombe. Hakuna aliyejua jirani yake ameusiriba ukuta wa ndani kwa udongo wa namna gani, wala hakuna aliyejali. Kijijini nyumba zilipangwa kwa mstari, mlango ukiutazama mlango, na mwanamke akiinama kuwasha moto aliweza kuona mpaka kitandani kwa mwenzake. Nadhani ndipo mashindano yalipozaliwa. Wakubwa waliokuja kutuhutubia walisema tumekusanywa ili tupate maji, shule na zahanati. Hawakusema kwamba tungepata pia macho ya kutazama kuta za watu.

Bwana Afya ndiye aliyeanza. Alipita nyumba kwa nyumba akihimiza chumba cha ndani kipakwe cheupe, kwa chokaa au kwa udongo mweupe wa mtoni, ili wadudu waonekane. Wanawake wakapaka weupe. Kisha mmoja wa majirani zetu alikwenda Mugumu kununua chumvi kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mtu wa asili ya pwani, akakaribishwa na mke wa mwenye duka mpaka sebuleni. Akarudi akisema sebule ile ni bluu kuanzia juu mpaka chini, na kwamba ukiingia humo hata kiu inapungua. Kufikia mwezi uliofuata bluu ya kufulia nguo ilikuwa imekwisha katika duka la ushirika. Wanawake waliifunga kitambaani, wakaiponda, wakaikoroga ndani ya udongo mweupe. Mashati yetu ya shule yakawa ya manjano, kuta zikawa bluu, na mwalimu mkuu akatuuliza mstarini kama mama zetu wamesahau kufua. Mwingine aliyekosa bluu alijaribu kijani kwa kutwanga majani ya maboga. Alilala na harufu yake mpaka alipoukwangua ukuta wote.

Mama hakupaka weupe wala bluu. Tulipohama alikuwa amejitwisha kikapu cha udongo mwekundu kutoka kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma ya zizi letu la zamani, kule tulikomwacha baba kaburini. Udongo huo aliuchanganya na mbolea mbichi ya ng'ombe, akausiriba kwa kiganja, kisha akauchora kwa ncha za vidole mistari iliyopinda kama njia za mifugo. Ukuta ukikauka ulikuwa mwekundu wa kutulia, na ukiugusa ulikuwa laini kama shingo ya ndama. Alijivunia kazi hiyo, ingawa alikuwa na kisa alichopenda kukisimulia akijicheka mwenyewe. Zamani aliwahi kuisiriba nyumba yote upya, kazi ya siku nyingi, baba akarudi kutoka mnadani, akakaa, akala. Mama akamuuliza, "Umeonaje?" Baba akatazama huku na huku, akasimama, akauliza, "Nini? Kuna ng'ombe ameingia?"

Nyumba yetu ya kijijini ilipokuwa tayari kusiribwa ndani, mama aliingia na karai la udongo wake. Wifi alikuwa amekwisha kukaa humo, amepiga magoti mbele ya ukuta, na pembeni yake kulikuwa na beseni la udongo mweupe na fundo dogo la kitambaa lililovuja bluu.

"Hiyo ni nini?" aliuliza mama.

"Ni rangi, mama. Wenzetu wote wamepaka."

"Wenzetu wote hawana udongo kama huu."

"Ni kweli, mama. Lakini chumba kina giza. Bluu itakipa mwanga."

Mama alilitua karai chini. Alikuwa na desturi ya kupunguza sauti anapokasirika. "Nyumba hii ni ya mwanangu," alisema. "Mwanangu anapenda nyekundu."

Nilikuwa mlangoni, nikasubiri wifi anyamaze kama anavyotakiwa mkamwana kunyamaza. Alifikiri kidogo, akitazama kitambaa chake.

"Mama," alisema, "jana mwanao ameniambia anapenda bluu."

Jirani wa ng'ambo ya njia, aliyekuwa akipepeta mtama huku masikio yake yakiwa kwetu, aliangusha ungo.

Kuanzia siku hiyo kaka yangu alianza kuongea. Asubuhi mama angesema mwanangu hataki kuishi ndani ya nguo iliyoanikwa. Mchana wifi angesema mume wangu anauliza kwa nini yeye peke yake akae ndani ya kichuguu. Hakuna aliyeinua sauti. Walipikiana, walipokezana maji, mkamwana alisalimia shikamoo akapokea marahaba, na ukuta ukabaki mtupu, na fito zake zikionekana kama mbavu. Jirani alifurahi sana. "Huyo kijana wenu ana maneno!" alimwambia mama kisimani. "Wangu mimi niliyemzaa mwenyewe hajibu hata akiitwa kula." Wanawake wakacheka, na mama akacheka nao, lakini tulipokuwa njiani kurudi alitembea haraka mno, na maji yakawa yanamwagika kwenye mabega yake.

Mimi nilichanganyikiwa. Nilianza kumfikiria mtu huyo. Usiku nilijaribu kumpa uso, nikampa pua ya baba, kisha nikashindwa kumpa macho kwa sababu sikujua yanatazama rangi gani. Nilimhurumia mama, kwa kuwa nilijua udongo ule umetoka wapi. Nilimhurumia wifi pia. Siku moja tulipokuwa tukichambua mboga aliniuliza, bila kunitazama, "Wifi, mwanamke akiolewa, kitu gani katika nyumba huwa ni chake?" Nikamjibu kwamba ni jiko. Akasema, "Na kuta zinazolizunguka jiko?" Akasema kama hana ukuta basi yeye ni mgeni, na mgeni siku zake zikiisha hurudi kwao.

Hapo ndipo nilipoogopa. Akirudi kwao, nyumba ya mama ingekuwa imezimika mara ya pili, na safari hii mbele ya mstari mzima wa milango. Mama asingeoa tena. Angebaki mwanamke wa nyumba iliyokwisha, anayetajwa kwa huruma.

Asubuhi moja nilimkuta wifi amekunja kanga zake zote ndani ya kapu, amekaa mlangoni, na kapu liko mapajani. Hakulia. Mama alikuwa ndani, mikono yake ina udongo mwekundu mpaka viwikoni. Alikuwa ameanza kuusiriba ukuta peke yake, na alikuwa amefika usawa wa dirisha.

"Unakwenda wapi?" mama alimuuliza, bila kugeuka.

"Kwetu, mama. Mwanao amenikataa."

"Nani kasema amekukataa?"

"Si umesema anapenda nyekundu? Mimi nyekundu siiwezi. Mkono wangu haujui kuichora kama wako. Kila nitakapougusa ukuta huo, utakuwa ukuta wako."

Mama aligeuka, akaniona. Nadhani alikuwa anatafuta mtu yeyote wa kumshika mkono, na aliyekuwa karibu ni mimi.

"Haya, wewe," alisema. "Wewe ni dada yake, mmetoka tumbo moja. Sema. Kaka yako anapenda rangi gani?"

Wote wawili walinitazama. Jambo la ajabu ni kwamba hawakunitania. Walisubiri jibu kama watu wanaosubiri barua kusomwa. Nilitamani kusema nyekundu, nikaliona kapu. Nilitamani kusema bluu, nikaiona mikono ya mama. Nilimtafuta kaka yangu kichwani, nikampata baba tu, ametoka mnadani, ana vumbi, anakula.

"Kama amefanana na baba," nilisema, "hajui kama ukuta una rangi."

Nilidhani nitapigwa. Mama alibaki amesimama. Kisha alitazama kile kipande alichokisiriba, akaitazama mikono yake, na nikaona anaitazama kana kwamba imekutwa mahali isipostahili kuwa. Watu wote walijua kwamba mama alisimama mahali pa baba. Yeye ndiye aliyetoa ng'ombe. Yeye ndiye aliyekaa na wazee kwenye mazungumzo ya mahari, akakubaliwa. Na mwanamume aliyetoa mahari haingii na karai kusiriba ukuta wa mke, wala wa mke wa mwanawe. Lakini ilimbidi aache kitu alichokijua kuliko kingine chochote duniani, na sijui hata leo kama alikiacha kwa sababu ameshindwa, au kwa sababu ameelewa, au kwa sababu alichoka tu.

"Niletee maji ya kunawa," aliniambia.

Alinawa nje, polepole, akaenda shambani. Wifi alikaa kitambo na kapu lake. Kisha alilirudisha ndani, akalifungua lile fundo la kitambaa, akausiriba ukuta wote, hata kile kipande chekundu cha mama.

Bluu ile ilikuwa ndogo mno kwa ukuta mkubwa hivyo. Ilipokuwa mbichi ilipendeza, na nilijisemea kwamba kweli hata kiu inapungua. Ilipokauka ilififia, ikafifia zaidi, mpaka jioni chumba kizima kilikuwa na rangi ambayo sikuwa na jina lake. Mama alirudi, akainama mlangoni, akasimama katikati ya chumba.

"Hii ndiyo bluu?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona kama majivu?"

"Itakolea, mama."

Mama aliugusa ukuta kwa kidole. "Na mwanangu amesemaje?"

Wifi alikuwa anapuliza moto. Aliacha kupuliza. "Hajasema kitu. Ameingia, ametazama, ametoka kwenda kwenye ng'ombe."

"Hapo sasa," alisema mama, akavuta kigoda akakaa. "Huyo ndiye mwanangu."

Haikukolea kamwe. Kikapu cha udongo mwekundu kilikaa nyuma ya mlango mpaka kuku walipokigeuza kuwa mahali pa kutagia, na mama hakuwafukuza. Wifi alikaa. Alizaa watoto katika nyumba hiyo, wavulana wawili na msichana, na mama aliwapakata wote kabla ya kutuacha.

Mwaka huu mkubwa wao amemjengea mama yake nyumba ya tofali na bati, mahali pale pale. Wakaniomba mimi niliyesomea mambo hayo nikanunue rangi Mugumu. Nilisimama dukani nikiwa na kadi yenye vipande vidogo vya rangi, vingi kuliko majina ninayoyajua, na nikahisi sijui chochote. Kijana wa dukani alinionea huruma.

"Mama, usijisumbue. Sasa hivi watu wote wanachukua kijivu. Ndiyo fasheni."

Alinionyesha. Ilikuwa ile ile, ningeitambua popote. Ilikuwa ukuta wa wifi ulipokauka jioni ile, na sasa ina jina, ina namba, na watu wanaipangia foleni. Nilishindwa kujua kama nikimnunulia nitakuwa namheshimu au namsimanga. Nikampigia simu.

"Wifi, wanasema kijivu. Au unataka bluu ya kweli, iliyokolea? Ipo. Hata nyekundu ipo, ile ya mama."

Nikasikia mbuzi na watoto nyuma yake.

"Mimi nitajuaje, wifi?" alisema. "Mwulize kaka yako."

Nilisubiri acheke. Simu ikakatika, na sikujua kama ameikata yeye au ni mtandao. Kijana wa dukani, ambaye alikuwa amesikia yote, aliniuliza kwa adabu kama huyo kaka yuko mbali, ili anisubiri nikamwulize. Nilirudisha macho kwenye kadi yangu, kidole kikiwa juu ya kile kijivu.