Hapana ya Zdravka

Mimi ni jirani yake. Ukuta wetu ni mmoja, na mambo ya nyumba ile nayasikia tangu Zdravka hajazaliwa, kwa hiyo atakayesema nimetia chumvi aje aniambie usoni. Mlango wangu anaujua.

Zdravka ni binti wa Mzee Tsolo, wa hapa kwetu Berkovitsa, mtaa wa juu. Alipomaliza sekondari alipata nafasi ya kwenda Sofia, mji mkuu, kusomea ualimu wa watoto wadogo. Mama yake alikuwa keshafariki. Binti alimletea baba yake habari, mzee akiwa mezani anakata nyanya.  Mzee alirusha kichwa juu mara moja, akapiga ulimi, akaendelea kukata. Kwetu hiyo ni hapana. Anayekubali hutikisa kichwa huku na huku, anayekataa hukiinua. Najua watu wa kwingine hufanya kinyume. Na wafanye, hatujawahi kuwakataza.

Basi binti akaingia kiwanda cha matunda, kiwanda kikafa, akaenda Italia kutunza vikongwe vya watu. Bibi mmoja wa Bologna alimwuliza kama ameshakula, Zdravka akatikisa kichwa kwamba ndiyo, bibi akampakulia tena. Alikula mara mbili mbili mpaka sketi zikambana, ndipo akajua kosa liko wapi. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Naye alifumba, akajifunza ndiyo yao na hapana yao, na lugha yao akaisema vizuri kuliko wao.

Alirudi mzee alipopooza. Upande wa kulia ulikufa na ulimi ukafa pamoja nao. Akabaki na mkono wa kushoto na kichwa. Unataka maji? Kichwa. Unaumwa? Kichwa. Kutwa kucha watu wawili wanazungumza kwa vichwa, na kichwa cha Italia kikamtoka Zdravka kama rangi ya bei rahisi.

Asubuhi alikuwa anafanya kazi chekechea, kuosha vyombo na kufuta makamasi, huku mimi nakaa na mzee. Watoto walimpenda, akawa ndiye anayewasimulia hadithi mwalimu akichelewa. Siku moja akaja kwangu uso unawaka.

"Shangazi Gergina, kuna chuo Italia kinafundisha kwa mtandao tu. Shahada nzima ya ualimu wa watoto. Unasoma nyumbani, unafanya mtihani nyumbani, mbele ya kamera."

"Kwa umri huo? Utakaa darasa moja na watoto?"

"Darasa gani, shangazi? Ni mimi, kompyuta na sufuria ya maharage."

"Basi sufuria itafaulu kabla yako."

Alicheka, lakini hakuwa anatania. Hakuwa na njia nyingine. Sofia asingeweza kwenda na kumwacha mzee, na bila shahada angefuta makamasi mpaka azeeke. Alipomweleza baba yake, mzee alitikisa kichwa huku na huku, akatikisa, akatikisa, mpaka nikaogopa shingo itamwuma. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Nadhani alikuwa anajaribu kuimeza ile hapana yake ya zamani, na mtu asiye na ulimi hana njia ya kuomba msamaha.

Vyeti vikatafsiriwa, vikapigwa mhuri, vikatumwa. Vikapokelewa. Ukabaki mtihani wa kujiunga, na sharti lake kubwa: mtahiniwa awe peke yake chumbani. Sasa chumba chenye mtandao na jiko la kuni ni kimoja, na ndimo kilimo kitanda cha mzee. Asubuhi ya mtihani tulimvusha uani, mimi nimeshika miguu, Zdravka mabega, mzee anatusaidia kwa mkono mmoja kwa kushika kila kitu alichokikuta njiani, pamoja na kamba ya nguo zangu. Nikamlaza kwangu, nikamkatia banitsa, mkate wetu wa jibini. Hakula. Alikuwa anautazama ukuta.

Yaliyotokea kule alinisimulia mwenyewe. Msimamizi alikuwa kijana mwenye ndevu, mpole. Mwanzoni sauti ya Zdravka ikawa haifiki, inakatika, kijana akamwambia asihangaike, ajibu kwa kichwa. Ndiye Zdravka Tsolova? Akakumbuka Bologna, akainamisha kichwa: ndiyo. Anamsikia? Ndiyo. Vizuri kabisa. Kisha akaulizwa kama kuna mtu mwingine chumbani.

Mtu ametoka kumbeba baba yake uani! Hilo ndilo swali alilokuwa na jibu lake safi kuliko yote, na jibu likatoka kwa haraka, likatoka na kichwa cha nyumbani. Alikirusha juu. Kijana akakunja uso, akauliza kama mtu huyo ndiye atakayemsaidia kujibu. Zdravka akaona anadhaniwa mwizi, hasira zikampanda, akakirusha tena, mara mbili, kwa nguvu. Yule kijana akasema anasikitika. Kioo kikawa cheupe.

Nilimwona amesimama uani na aproni yake safi. "Shangazi, nimesema ndiyo," aliniambia. "Nilikuwa nasema hapana, kumbe nimesema ndiyo."

Aliandika rufaa; mzee tulimwambia tu kwamba majibu bado. Aliwaeleza mila yetu vizuri, kwa Kiitaliano chenye adabu. Mwacha mila ni mtumwa, wanasema wahenga. Huyu kaishika, kafungiwa mlango. Nilikuwa kwao majibu yalipoingia. Alisoma kwenye simu akiwa amesimama jikoni, mwiko mkononi. Walisema wametazama picha za kamera, mtahiniwa alikuwa ameitikia maswali mengine kwa kuinamisha kichwa kama watu wote, kwa hiyo maelezo yake hayakubaliki. Mtihani umefutwa. Kwa maneno mengine, angekuwa mjinga tangu swali la kwanza wangemwelewa. Nilitamani kukivunja kile chombo. Wasomi wote wale, na hakuna hata mmoja aliyewaza kumpigia simu na kumwuliza, mama, ulimaanisha nini?

Mzee alikuwa anatutazama kutoka kitandani. Alinyoosha mkono wa kushoto kwenye simu, akainua nyusi: vipi?

 Zdravka alitikisa kichwa huku na huku, polepole, macho chini, kama mtu wa Italia anayesema basi, imekwisha. Ukiwa na huzuni huchagui kichwa cha kuvaa.

Mzee akaona ndiyo.

Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanadamu. Akapiga godoro kwa kiganja, akaonyesha kabatini iliko chupa ya rakia, pombe yetu ya matunda, akanionyesha mimi, akajionyesha yeye, analia na kucheka kwa nusu ya uso. Nilifungua mdomo nimsahihishe. Zdravka alinigeukia na kurusha kichwa juu, kidogo tu. Safari hii nilimwelewa. Nikaenda kuleta vikombe.

Tangu hapo kila alasiri mzee huinyooshea kidole kompyuta: kasome. Huzima televisheni yake kwa mkono ule mzima, mpira ukiwa katikati, asimsumbue. Zdravka hukaa mbele ya kioo mpaka jioni. Mara moja nilimchungulia.

"Unasoma nini, mwanangu?"

"Maelekezo ya mashine ya kufulia," alininong'oneza. "Jana niliyamaliza ya jokofu."

"Si ujaribu chuo kingine, kimyakimya?"

"Nimejaribu kujaza fomu. Wote wanauliza kama umewahi kufutiwa mtihani. Nikisema ndiyo, ndiyo basi. Nikisema hapana, nitakuwa nimewadanganya na wao. Uongo wa humu ndani unanitosha, shangazi."

"Basi mwambie mzee ukweli."

"Nimwambie alitoa machozi yale kwa ajili ya nini?"

 Niliuvuta mlango taratibu, nikarudi kwangu.

Juzi alikuja kwangu, akakaa bila kuvua viatu. Kwetu mtu havuki kizingiti na viatu, nikajua kuna jambo.  Nilimwekea kahawa, hakuigusa.

"Mwaka wa kwanza wa masomo umekwisha," alisema. "Baba anahesabu. Leo kaninyooshea kidole kimoja, halafu kainua nyusi. Anauliza kama nimefaulu."

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia nimefaulu. Kwa mdomo, shangazi, si kwa kichwa. Nimesema, baba, nimefaulu vizuri."

"Akafurahi."

"Akauvuta mkono wangu." Alinionyesha mkono wenyewe, mwekundu kwa maji ya vyombo, kana kwamba si wake. "Akaubusu. Wakubwa ndio wanabusiwa mkono, shangazi, si sisi. Baba yangu mzazi kanibusu mkono."