Siku Mama Alipomwogesha Babu

Harufu ya sabuni ya mche ilinijia asubuhi nikifua mashuka ya mama hapa Nyasubi, nikamkumbuka babu, baba mzazi wa baba yangu.

Kiharusi kilikuwa kimemwangusha, akawa mtu wa kulala tu. Baba alikuwa akichimba dhahabu Geita, na kijana wa jirani aliyekuwa akija kumwogesha babu naye akaenda machimboni. Tukabaki mama, babu, na mimi, mtoto nisiyeweza kumwinua peke yangu. Kwetu Usukumani, mke wa mwana humheshimu baba mkwe wake kwa kukaa naye mbali. Mama hakuwahi hata kula mbele yake, sembuse kumwona akiwa hana nguo.

Asubuhi moja babu alikuwa amelala katika uchafu wake tangu jana yake, akitufukuza kwa mkono wake mmoja mzima. Mama alisimama mlangoni na beseni la maji ya moto na kipande cha sabuni ya mche, machozi yakimtoka.

"Baba, utaoza humo."

"Bora nioze. Wewe ni mkwe wangu."

"Basi leo niite jina lingine."

Babu aliushusha mkono wake. Kisha akasema kwa shida, maana mdomo ulikuwa umepinda, "Mayu." Kwa Kisukuma, ni mama. "Mayu, njoo."

Mama akaingia. Mimi nilimshika babu mabega, yeye akamsugua mgongo polepole, akamkausha kwa khanga yake mwenyewe. Halafu akaketi palepale kitandani, akamnywesha uji. Babu, ambaye siku zote aliinamisha macho mama akipita, alimtazama usoni mpaka uji ukaisha.