Foleni ya Mkaguzi

Nani anatajirika kuku anapokaangwa? Usimtaje aliyesimama mbele ya karai.

Baba Pacha, muuza kuku wa siku nyingi, aliuza nyumba ya urithi akanunua haki ya kutumia jina la kampuni kubwa ya ng'ambo. Unga, mafuta, hata karatasi za kufungia, sharti anunue kwao. Kiwanja alichokanyaga pia alikipanga kwao. Kila kipande kikiuzwa, kampuni ilikata fungu lake kwanza. Umeme, mishahara na hasara akabaki navyo yeye. Angekufa njaa, kodi yao ingekuwa palepale.

Mwaka wa pili wateja walipungua. Ikaja barua: mkaguzi atafika Alhamisi mchana, na tawi lililodorora hunyang'anywa jina. Baba Pacha akanyong'onyea siku mbili, kisha akaita ukoo mzima.

Alhamisi hiyo mashangazi, wapwa na wakwe walijipanga hadi barabarani. Aliyefika mbele alipewa kuku, akazunguka nyuma ya jengo, akarudi mkiani. Kila kipande kiliingizwa mashineni kama kimeuzwa, na Baba Pacha ndiye aliyekilipia.

"Shemeji, hii raundi ya nne," mdogo wa mkewe alinong'ona. "Nikila kingine nitawika."

"Kula, nyamaza."

"Ungenilisha hivi siku ya harusi yako, tungeelewana mapema."

Mkaguzi, dada mpole mwenye kishikwambi, alihesabu vichwa.

"Foleni iko hivi kila siku?"

"Leo wachache, dada yangu."

"Na wote unawamudu peke yako?"

"Nahema tu, lakini namudu."

Akaandika kitu, akampa mkono. "Ondoa hofu. Jina hunyang'anywi."

Jioni ukoo ulicheka mpaka machozi. Baba Pacha alilala kama mtoto aliyeshiba.

Asubuhi iliyofuata, akifungua duka, aliona wanaume wawili ng'ambo ya barabara wakipigilia vigingi. Akavuka.

"Mnapima nini, ndugu zangu?"

"Duka la kuku," alijibu mmoja, akionyesha kwa kidevu jina lililokuwa juu ya mlango wa Baba Pacha. "La kampuni ileile. Wanasema hapa watu wamejaa, duka moja limezidiwa."

Baba Pacha aligeuka akalitazama duka lake tupu.

"Kaka, kwa kuwa umesimama," yule mpimaji akasema, "hebu nishikie ncha ya hii futi."

Akaishika.