Maneno ya Mifleh Yaliyokatwa

Binamu yangu Mifleh aliendesha boza miaka yote niliyomjua, akipandisha maji kwenye vijiji vya juu ya mji wa Karak kila kiangazi mabomba yakikauka. Alikuwa mtu mwema mwenye kasoro moja: alisema nusu ya sentensi, kisha akanyamaza. Na si kidogo. Ungeweza kuwasha sigara ukaivuta nusu kabla maneno yaliyobaki hayajatoka. Siku ilipoletwa posa ya dada yake, aliwaambia wageni, "Binti yetu hatumtoi." Wazee wa watu walishaanza kutafuta viatu ndipo akamalizia, "Mpaka mle kwanza." Nilicheka hadi nikatolewa nje. Tangu hapo ukoo mzima ulijua kwamba Mifleh anasubiriwa.

Mwanawe mkubwa, Laith, aligongwa na gari akivuka barabara, akafa. Aliyemgonga ni Rakan, kijana wa ukoo wa bonde la pili, asiye na ugomvi na mtu. Kwetu sisi damu ikimwagika, hata kwa ajali, nyumba ya aliyeimwaga haina usalama mpaka wazee waje kuomba suluhu. Wakaja, wakiongozwa na Haji Fandi. Alimiminiwa kahawa akaweka kikombe chini bila kuionja, maana mwombaji hanywi mpaka akubaliwe.

Mifleh akasimama. "Damu ya mwanangu haiuzwi," akasema, na akanyamaza.

Nilikuwa nimeketi ubavuni kwake, nikasubiri kama kawaida. Kisha akasema, "Kwa hiyo sitaki hata dinari. Rakan hakukusudia, na nyumba yao iko salama. Kunywa kahawa yako, Haji."

Haji Fandi akanywa, na watu wazima na ndevu zao wakalia.

Jioni ile ile video ikaingia kwenye simu zetu. Ilianza Mifleh akisimama, ikaishia kwenye kikombe kilichojaa. Chini yake mtu ameandika: "Wamerudishwa." Ndugu zetu wa mji wa Zarqa, ambao hawakuwepo, wakapakia madumu ya petroli kwenye magari. Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira. Watu waliokula kwa Mifleh tangu utotoni, na hakuna hata mmoja aliyempigia kumuuliza! Mmoja alinipigia mimi, na alichotaka kujua ni nyumba ya Rakan ni ipi.

Nilimwambia Mifleh. Hakutuma ujumbe wowote. Alinipakia kwenye boza, tukaenda hadi kwa kina Rakan, akaliegesha kuziba lango, kisha akashuka na kusimama mbele yake. Nyuma ya ukuta tulimsikia mama yake Rakan akimsomea mwanawe Kurani kwa sauti ya kukatikakatika.

Magari yalipofika, Sattam, mtoto wa kaka yake Mifleh, alishuka wa kwanza.

"Ami, toa hilo dude njiani. Tumekuja kwa ajili yako."

"Nani kakwambia nawahitaji?"

"Tumekuona kwa macho yetu! Kikombe hakikunywewa."

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Halafu ikawaje, baada ya kikombe?"

Sattam alitazama simu yake. "Video inaishia hapo."

"Wewe unanijua tangu unanyonya, Sattam. Nikisema neno nikanyamaza, huwa unafanyaje?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Nasubiri."

"Leo mbona hukusubiri?"

Nyuma yake mmoja aliyekuwa ameshashusha dumu akalirudisha kwenye gari polepole. Mifleh akawaeleza yote, kuanzia kahawa mpaka machozi, nami nikathibitisha kwa matusi machache yaliyowastahili.

"Utusamehe, ami," Sattam alisema. "Lakini aliyetutumia ni Ayham. Tungemshukuje?"

Ayham ni mwana wa pili wa Mifleh, na sasa wa pekee. Mifleh aligeuza boza, tukarudi moja kwa moja hadi nyumbani kwake.

Tulimkuta kijana sebuleni. Hakukana. "Ndiyo, nimeikata mimi," alisema. "Mpaka hapo ulikuwa unasema yaliyo moyoni mwangu. Ulipoendelea, ukawa unasema ya kwako."

"Wangemchoma mtu, Ayham. Na mama yake humo ndani."

"Najua." "Sasa hivi najua. Lakini, baba, uliwauliza wazee wote. Ukamuuliza imamu, ukamuuliza hata ami huyu hapa, mropokaji. Mimi ni ndugu yake Laith, nilimbeba mimi kutoka barabarani. Uliniuliza lini?"

Nilidhani Mifleh angefoka. Haki alikuwa nayo.

"Sikukuuliza kwa sababu nilijua utakataa," alisema.

"Basi niulize sasa."

Akamuuliza. Ayham alisema hapana, hajasamehe, akaanza kueleza jinsi nduguye alivyokuwa mzito mikononi, na jinsi asivyoweza kupita barabara ile. Mifleh alimsikiliza mpaka mwisho, na hakumkatiza hata pale alipomlaumu.

Asubuhi Ayham alituma video nzima kwa watu wale wale. Chini yake aliandika: "Niliikata mimi, na nilikosea. Haya ndiyo aliyoyasema baba. Yeye amesamehe. Mimi bado, ila asiguswe mtu."

Mifleh aliisoma kwenye simu yangu, akanirudishia.

"Safari hii hajakata kitu, wala hajadanganya," alisema, na akalia mbele yangu kwa mara ya kwanza tangu tulipomzika Laith.